Mtumbwi Wangu Juu ya Korongo

Mtumbwi wetu haukuwahi kugusa bwawa. Ulichongwa mlimani, kwa mti wa mlimani, na mlimani ukabaki, umekatwa kichwa na mkia, umelazwa juu ya korongo na maji ya watu wengine yanapita ndani yake. Nimeambiwa mara nyingi nisiweke kinyongo, kwamba maji ni ya Mungu na mambo yale ni ya zamani. Kila aliyeniambia hivyo amekunywa maji hayo.

Mimi ni mtu wa ziwa. Nilizaliwa kisiwani, na baba yangu alikuwa mchonga mitumbwi, kwa hiyo nilijua kuupima mtumbwi kwa kuugonga kwa kiganja kabla sijajua kusonga ugali ukaiva. Nilipoolewa, mume wangu alikuwa mvuvi kama wanaume karibu wote wa kwetu. Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru. Serikali ilikuwa imeziba mto huku kusini mwa Moshi, bwawa la Nyumba ya Mungu limejaa, na habari za samaki wake zimefika mpaka kisiwani. Watu walisema kule perege wanagombania nyavu. Mume wangu akaniambia tufunge mizigo, nami nikaifunga, maana nilikuwa kijana na nilimpenda.

Tulijenga kibanda cha matete ukingoni, tukanunua mtumbwi kwa mzee mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Nilipougonga kwa kiganja ulijibu vibaya, na nilisema. Lakini hapakuwa na mwingine wa kuuzwa, na mume wangu alikuwa na haraka ya kuvua. Ufa ulianzia mkiani ukaja kati. Tuliuziba kwa matambara na lami, na kila msimu ulisogea mbele kidogo. Mchana pale bwawani hupiga upepo mkali, mawimbi yanasimama, na mvuvi mwenye mtumbwi mzima hurudi mapema. Mume wangu, mwenye mtumbwi mbovu, alirudi akiwa amekaa kwenye maji mpaka kiunoni, anakomba kwa kopo la mafuta ya kupikia.

"Huu mtumbwi utakuua," nilimwambia.

"Basi nitafutie mwingine, binti wa fundi," akasema, anacheka.

Yeye alikuwa anatania. Mimi nikajifunga kanga nikaenda kutafuta.

Kutafuta mtumbwi mahali ambapo watu hawaujui ni kazi ya kuchekwa. Moshi mjini seremala mmoja aliniuliza kama ninachotaka ni kabati au jeneza. Msitu wa Rau una mivule ambayo baba angeiona angekaa chini, lakini msitu ni wa serikali, na bwana misitu aliyenikuta nimeweka kiganja kwenye shina alinifukuza kama mwizi. Nilipanda basi mpaka Sanya Juu kwa kuwa nilisikia kuna mbao. Zilikuwepo, fupi na nyembamba, za kuezekea, na hata hizo zilikuwa za watu wenye vibali. Nilirudi bwawani ndala zimekatika, nimewachukia watu wote wanaoishi karibu na miti mikubwa.

Aliyenitoa kwenye mahangaiko hayo alikuwa mama mmoja mjane wa mlimani, ambaye alizoea kushuka bwawani kuuza ndizi na kununua samaki wakavu kwangu. Alikuwa mnene, mwenye sauti ndogo, na hakuwahi kunipunja. Nilipomweleza shida yangu aliweka kikapu chini.

"Mwanangu, mti hautafutwi barabarani. Jirani yangu ana mringaringa shambani kwake, watu watatu hawaukumbatii. Na fundi tunaye. Ndiye anayetuchongea mizinga ya kupikia pombe."

"Mzinga wa pombe si mtumbwi, mama."

"Vyote vinatobolewa katikati," akasema. "Njoo ukae kwangu, umsimamie mwenyewe."

Nikaenda. Watoto niliwaacha kwa jirani, mume wangu akabaki anavua ili tupate cha kulipa mti na fundi, na tulilipa kwa samaki wakavu, kwa baiskeli yake, na kwa kila kitu kingine cha maana tulichokuwa nacho. Tulimaliza malipo kabla shoka halijagusa mti, maana ndivyo fundi alivyotaka.

Kijiji kile kilikuwa kizuri, na kukubali hivyo kunaniudhi mpaka leo. Maji yalichotwa kutoka mtoni huko juu karibu na msitu, yakaletwa kwa mfereji uliochimbwa na mababu zao, ukizunguka vilima, ukipita nyuma ya nyumba, mkubwa ukigawanyika kwa midogo, mpaka kila kihamba, yaani kila shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kinasikia maji mlangoni. Wao huuita mfongo. Kila nyumba ilikuwa na kidaraja chake cha magogo mawili, na jirani akija kukusalimu unamsikia kwanza kwenye magogo ndipo unamsikia mdomoni. Nikiwa nimelala kwenye kitanda cha yule mama niliyasikia maji yakipita chini ya dirisha, nikawa ninafikiria nyumbani.

Lakini maji yale yalikuwa na sheria nyingi kuliko kanisa. Asubuhi mapema ni ya kunywa, na ole wako uonekane unanawa miguu. Baadaye ni ya kumwagilia, kwa zamu. Mwenye zamu hufungua kijilango cha udongo na magome ya migomba, na asiye na zamu akikigusa anaitwa mbele ya wazee. Ukitangazwa msaragambo wa kusafisha mfongo, kila nyumba inatoa mtu, na asiyetokea anatozwa pombe. Siku yangu ya kwanza nilipigiwa kelele kwa kusuuza sufuria saa isiyo yake. Mimi niliyekulia mahali ambapo huoni ng'ambo ya maji nikafundishwa adabu ya maji na watu wenye maji ya upana wa mkeka.

Mfongo ulikuwa na mzee wake. Hakuwa mwenyekiti wa kijiji wala balozi wa nyumba kumi. Hao walikuwa wa chama na wa mikutano. Mzee wa mfongo alikuwa wa maji, mrefu, mwenye kofia ya kijivu ambayo sikuwahi kumwona ameivua, na akisimama njiani hata mwenyekiti alishuka kwenye baiskeli ili amsikilize. Nilimwamkia shikamoo kila alipopita. Aliitikia marahaba na kuendelea kutazama mfereji.

Fundi naye alikuwa na kichwa kigumu. Hakuwahi kuona mtumbwi maishani mwake. Alichonga kitako bapa na kuta zilizosimama wima, kama karai lililorefushwa.

"Baba, huu ukiingia majini utapinduka," nilimwambia.

"Pombe haijawahi kupinduka," akasema, akaendelea kuchonga.

Nilimchorea umbo kwenye majivu, akalitazama, akalikanyaga. Nilimwambia aache unene mkiani, akapunguza. Mwisho nikamnyang'anya tezo nikachonga mwenyewe. Habari zikaenea kwamba kuna mwanamke wa ziwani anachonga gogo, na watu wakawa wanakuja na vigoda vyao kutazama. Kichwa cha mtumbwi, ile sehemu inayokata maji, nilikichonga chote kwa mkono wangu, jinsi baba alivyokuwa akifanya, kikiinuka kidogo na kuchongoka. Fundi alikuja akapitisha kidole juu yake, mara moja tu, akaondoka. Kuanzia siku hiyo hakunibishia tena, nasi tukafanya kazi vizuri. Ulipokamilika tuliupaka mafuta ya ng'ombe, tukaufunika kwa majani ya migomba ukauke polepole usipasuke, na nilipougonga kwa kiganja ulijibu vizuri.

Yule mama mjane nilimpenda. Niseme hivyo wazi, kwa sababu bila hivyo mengine hayaeleweki. Alinipikia mtori nilipougua homa, alinipa kitanda chake akalala na ng'ombe upande wa pili wa ukuta, na jioni tulimenya ndizi pamoja naye akiniuliza habari za mume wangu: anakula nini nikiwa sipo, anajua kuogelea, ananipiga. Nilimwambia hanipigi, na kwamba anaogelea lakini upepo ukiwa mkali kuogelea hakusaidii. Alitikisa kichwa. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, na nilianza kumwita huyu mama bila kukumbuka kwamba ni heshima tu.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Halafu, katikati ya kiangazi, jambo likatokea huko juu. Mfongo ulikuwa unavuka korongo moja refu kwa gogo lililochongwa katikati, gogo lililowekwa na babu zao, na gogo hilo lililooza likakatika likaanguka chini vipande vipande. Maji yakakatika siku hiyohiyo. Nyumba zote za chini ya korongo, na ya mama ikiwa mojawapo, zikabaki na mfereji wa vumbi. Wanawake wakaanza kushuka bondeni na kupanda na madumu kichwani. Maua ya kahawa yakakauka. Ng'ombe wa mama wakalia mchana kutwa, mmoja akaacha kusimama. Mimi pia nilibeba madumu, asubuhi na jioni, na sikulalamika, kwa sababu alikuwa mama.

Wazee wakakutana. Sikujali, si mkutano wangu. Kesho yake mzee wa mfongo alikuja na wanaume kadhaa na fimbo ndefu, akanikuta kwa fundi, akaniomba niufunue mtumbwi. Nilidhani wamekuja kustaajabu kama wengine. Niliufunua kwa fahari. Wakalaza fimbo juu yake kutoka kichwani mpaka mkiani, wakanong'ona.

"Unavuja?" mzee akaniuliza.

"Hauvuji hata tone, baba."

"Una hakika?"

Nilimimina ndani yake dumu zima la maji niliyopanda nayo kutoka bondeni, wakainama kuchungulia chini. Hapakulowa. Niliwaonyesha unene wa kuta, nikawaambia utaishi kuliko sisi sote. Niliusifia mtumbwi wangu mbele ya wachinjaji wake, na mama alikuwa amesimama mlangoni kwa fundi ananisikia, ungo mkononi.

Jioni ile mama aliniambia niende Bomang'ombe nikatafute lori la kuubeba. Nilisema bado haujakauka vizuri. Akasema utakaukia njiani. Alinipa jina la ndugu yake aliyekaa kule, akanifungia ndizi za kuchoma kwenye jani.

"Usirudi mbio," akasema. "Lala huko, pumzika. Umechoka na madumu."

Niliona huruma ndani ya maneno hayo. Nilimshukuru.

Bomang'ombe nilipata lori. Dereva alikuwa anakwenda mpaka karibu na bwawa, akakubali kupanda kwanza mlimani kuuchukua mzigo. Nilirudi kesho yake nimekaa mbele, karibu na dereva, nikimweleza mtumbwi ulivyo. Tulipoingia kijijini nikaona maji. Mfereji wa kando ya barabara ulikuwa umejaa, yanakimbia, na watoto wameingiza miguu. Nikapiga makofi. Nilifurahi kwa ajili ya mama na ng'ombe wake, nikamwambia dereva, unaona, wametengeneza.

Kwa fundi palikuwa na majani makavu ya migomba na chembechembe za mti. Mtumbwi haukuwepo, na mke wa fundi aliingia ndani aliponiona akafunga mlango. Bado sikuelewa. Mtu akikuibia mtumbwi mlimani atakwenda nao wapi? Nikafuata mfereji kuelekea juu, kwanza natembea, halafu nakimbia, kwa sababu miguu ilielewa kabla yangu.

Ulikuwa umelala juu ya korongo. Walikuwa wamekata kichwa na mkia ili maji yaingie huku na kutokea kule, wakaziba viungo kwa udongo na magome. Ulikaa sawasawa, kana kwamba mti ule uliota kwa kazi hiyo. Wala haukuvuja hata tone. Kichwa nilichokichonga kilikuwa kimetupwa kwenye magugu, na watoto wawili walikuwa wamekikalia wanakula miwa. Upande wa pili wa korongo wanaume wa msaragambo walikuwa wamekaa wakinywa mbege, pombe yao ya ndizi, fundi akiwa kati yao, na tezo yake kando.

"Karibu, mwanangu," mzee wa mfongo akasema.

"Huo ni mtumbwi wangu."

"Ni kweli."

"Nimeulipa."

"Umelipa, hakuna anayekataa. Tutakuchongea mwingine."

"Kwa mti gani?"

Wote walijua kwamba kijiji kizima hakikuwa na mti mwingine wa ukubwa ule, isipokuwa ndani ya msitu wa serikali. Nilimtazama fundi. Akatazama kibuyu chake. Kidole kile kilichopita juu ya kazi yangu ndicho kilichoshika msumeno.

"Maji hayapotei," mzee akasema kwa upole. "Yakitoka kwetu yanashuka mtoni, yanakuja kwenu bwawani. Ni maji yenu pia."

Wenzake wakatikisa vichwa, wameridhika. Hasira iliyonipanda sijaiona tena, na nimeishi na watoto watano. Niliwatukana. Niliwatukana kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipokwisha nikawatukana kwa lugha ya kwetu, ambayo kwa kutukana ina utajiri. Niliwaambia mume wangu amekaa kwenye maji hivi sasa anakomba kwa kopo ili migomba yao inywe. Hakuna aliyesimama kunizuia. Walinisikiliza kama watu wanaongoja mvua ipite, nikanyanyua kile kichwa cha mtumbwi kichwani kwangu nikashuka nacho.

Nilipofika kwa mama, dereva alikuwa anahangaika anataka kuondoka. Kabla sijafunga nguo zangu wakaja. Mzee wa mfongo alitangulia, fundi nyuma yake, halafu wanaume wengine, na mama akatoka ndani akasimama nyuma yangu. Mzee alivua kofia. Upara wake ulikuwa mweupe kwa kutopigwa jua. Mkononi alishika kichipukizi cha isale, mmea wa majani marefu ambao kule hupandwa mipakani na makaburini, na majani yake yalikuwa yamefungwa fundo. Akainama, mtu mzima yule, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Tumekukosea," akasema.

Kwetu mtoto hufundishwa kwamba mzee akikupa kitu unakipokea kwanza, kwa mikono miwili na magoti yamekunjwa, na kama una ugomvi unaugomba baadaye. Hata hivyo nilisita. Ndipo nikasikia sauti ndogo nyuma yangu.

"Pokea, mwanangu."

Nikapokea.

Wote wakashusha pumzi kwa pamoja. "Aika, aika," wakasema, asante, asante, na mtu mmoja akacheka kwa nafuu. Kibuyu cha mbege kikatokea sijui wapi. Fundi, aliyekuwa hawezi kunitazama, sasa akanitazama vizuri tu. Mimi nikiwa na lile jani mkononi nikafungua mdomo kuuliza habari za mti mwingine, na nani atalilipa lori, na lini.

"Imekwisha, mwanangu," mzee akasema, akavaa kofia yake.

"Nini kimekwisha?"

"Umepokea isale."

Wakaenda. Walikwenda wanazungumza habari za zamu, nani aanze kumwagilia. Nikamgeukia mama, naye akanieleza huku akikunja kanga zangu, kwamba isale ni msamaha, kwamba anayeishika amesamehe na neno lile halirudiwi tena mahali popote, wala barazani, wala kwa balozi, wala kwa padri. Hata mtu akikuulia mtoto, akija na isale huwezi kumkataa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Kila mtu anajua."

Sijawahi kuamua kama alisema kweli. Inawezekana. Watu wa kule wamezaliwa na jani lile, kwao ni kama kujua kwamba moto unaunguza, na labda hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba yupo mtu duniani anayeweza kulipokea kwa adabu tu. Labda. Lakini lile la Bomang'ombe halikuwa na labda.

"Ulinituma nikalale huko ili wauchukue," nikasema.

Aliacha kukunja. "Ng'ombe wangu walikuwa wanakufa, mwanangu."

Hakuomba radhi tena, maana radhi ilikuwa imekwisha. Nilipanda lori na kichwa cha mtumbwi, dereva akanisimanga njia nzima kwamba amepandishwa mlimani kwa ajili ya kuni. Lile jani nililitupa dirishani tulipoifikia lami.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitaka akasirike pamoja nami. Nilitaka achukue panga, hata kama nisingemruhusu aende nalo. Akakizungushazunguka kile kichwa cha mtumbwi, akasema nimechonga vizuri kuliko baba, akakigeuza juu chini akakikalia.

"Kigoda kizuri," akasema. "Watu walikuwa na kiu, mke wangu. Ungefanyaje?"

Alikuwa mtu mwema, na wema wake siku ile ulinichosha. Nilimwambia ningekunywa bondeni. Akacheka, akaenda kutafuta lami ya kuziba ufa.

Tulikuwa na watoto watatu na wa nne tumboni. Baiskeli haikuwepo tena, akiba haikuwepo, na mtumbwi wa kununua haukuwepo. Alivua na ule ule. Alivua nao misimu kadhaa mingine, na mimi nilisimama ukingoni kila mchana upepo ulipoanza, nahesabu mitumbwi inayorudi. Siku moja wote walirudi isipokuwa wetu. Walimpata asubuhi kwenye matete, na kopo limefungwa kiunoni kwa kamba. Mtumbwi ulipatikana umepasuka vipande viwili kwenye ufa. Watu wakasema ni upepo. Upepo ulikuwepo, sikatai, lakini upepo huohuo uliwakuta wenzake wenye mitumbwi mizima nao wako hai. Nami nikalikumbuka neno la mzee, kwamba maji yanayopita kwenye mtumbwi wangu yanashuka mpaka kwetu. Yalikuwa yamefika.

Walikuja kuhani. Habari zilikuwa zimepanda mlimani pamoja na wauza samaki, nao wakaja kwa lori, watu wengi, wamebeba ndizi na mbege na maziwa. Mzee wa mfongo alikuwa amezeeka, anashikwa mkono. Fundi alikuwepo. Lakini safari hii aliyetangulia alikuwa mama.

Nilikuwa nimekaa mbele ya kibanda, juu ya kile kigoda, kwa sababu ndicho alichokuwa akikalia. Akaja mpaka nilipo akapiga magoti, kwa shida, maana alikuwa bado mnene na magoti yamechoka. Akaona nilichokalia. Alikitambua, niliona macho yake. Kisha akatoa isale chini ya shuka, imefungwa fundo, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema.

Watu wa ziwa waliokuwa pale hawakujua jani ni nini. Shangazi wa marehemu, aliyekuwa amekaa karibu nami, akanigusa bega. "Pokea basi. Mgeni anakupa."

Watu wa mlimani wote walikuwa wanatazama mikono yangu. Nikaiingiza mikono yangu chini ya kanga. Mama akangoja. Alijua kwamba ninajua. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mikono yake ikaanza kutetemeka kwa kuinuliwa muda mrefu, na mimi niliyempenda nikaitazama inatetemeka.

"Kwetu hakuna anayekataa isale," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Anayeikataa hupatwa na mabaya."

"Yameshanipata, mama," nikamwambia. "Karibuni chakula."

Waliandaliwa samaki, wakala, kwa sababu msiba ni msiba na mgeni ni mgeni. Yeye hakula. Walipoondoka aliiweka isale chini, karibu na miguu yangu, akainuka kwa kushikilia nguzo ya kibanda. Mikono yangu ilikaa chini ya kanga mpaka lori lilipopotea. Nilipoitoa, shangazi akaigeuza akatazama viganja, akaniuliza nimejikata na nini. Zilikuwa kucha zangu mwenyewe.